Alama za Chini ya Sufuria

Madam alikuwa hawezi kushika kitu bila kukigeuza. Ukimpa kikombe cha chai atakunywa, sawa, lakini kikiisha tu atakipindua aangalie kitako chake. Sahani, kandambili, simu, kopo la mafuta ya kujipaka, vyote alivitazama kwa chini kwanza, kama mtu anayetafuta bei. Kwenye genge langu aligeuza nyanya moja moja, mpaka ikafika nikimwona anakuja kwa mbali natamani nifunike meza kwa khanga.

"Madam, nyanya haina chini," nilimwambia siku moja nimeshachoka.

Akajibu bila kuniangalia. "Kila kitu kina chini, mwanangu. Juu ndiko wanakokupangia wewe uone." Halafu akachagua fungu lingine kabisa, lile ambalo hakuligusa.

Naandika habari zake nikijua si mimi niliyestahili kuziandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kule kwa kuweka mambo ya siku yasinipotee. Wapo waliosoma kwake, watu wazima sasa, wenye ofisi zao, wangeandika vizuri kuliko mie. Lakini wao walimjua akiwa na chaki mkononi. Mimi nilimjua akiwa ameshastaafu, jirani yangu huku Boko, upande wa kwenda Mbweni, na lililotokea kwenye kiwanja changu wao hawakuliona. Nitajitahidi niseme na yale yasiyonipendeza, maana mtu akisifiwa tu anakuwa kama picha ya mgombea iliyobandikwa ukutani.

Mtaa mzima ulimwita Madam. Wanawe walimwita Madam. Muuza maji alimwita Madam, na sidhani kama alijua ni kwa nini. Alikuwa mfupi, amejaa, anatembea haraka kwa hatua fupifupi kama anayewahi kengele. Miwani yake ilikatika mkono mmoja akaufunga kwa uzi mweusi, na ule uzi ulikaa pale miaka yote niliyomjua. Ukimwambia anunue mingine anakuuliza, "Kwani inaona vibaya?"

Alifundisha Sayansikimu: kupika, kushona, usafi wa nyumba, malezi. Sasa niseme jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka mbele yake. Madam hakujua kupika. Ugali wake ulikuwa na mabuja. Wali wake juu mbichi, chini umeungua. Atakueleza protini, atakueleza vitamini zinavyopotea kwenye maji ya moto, na huku maharage yake ukiyatafuna yanalia kama kokoto. Kushona alijua kukagua. Mikono yake ilikuwa ya kuonyesha makosa, si ya kufanya kazi, na nadhani mwenyewe alilijua hilo, maana nilimwona mara nyingine akitazama mwanamke anayesonga ugali mkubwa kwa macho ya mtu aliyesimama dukani hana hela.

Ndiyo sababu kwenye misiba hakupewa jiko. Kina mama walikuwa na akili. Walimwambia, "Madam, wewe ndiye msomi wetu, tushikie vyombo." Basi anawekewa kigoda pembeni ya mlango wa uani, na kila kinachoingia na kutoka kinapita mbele yake.

Asiyejua misiba ya kwetu anaweza kuona ni kazi ndogo. Siyo. Msiba ukitokea kila nyumba inatoa vyombo, na masufuria ya Dar es Salaam yote ni yaleyale, meupe, ya duka moja. Likitoka kwako bila alama umetoa sadaka. Kwa hiyo kila mwanamke ana alama yake chini. Mwingine amekwaruza kwa msumari, mwingine ameweka tone la rangi ya mlango, mwingine rangi ya kucha. Madam alizijua zote kwa kichwa. Siku ya kurudisha vyombo anasimama katikati ya uani kama mwamuzi: "Hili lenye mistari mitatu na msalaba, la Mama Rehema. Hili la mkia wa samaki, kwa Mjumbe. Hili lenye jua, nani huyu alichora jua, njoo chukua jua lako." Watu walicheka, lakini hakuna sufuria lililopotea mikononi mwake. Kuna dada mmoja aliwahi kung'ang'ania sufuria jipya kwamba ni lake. Madam hakubishana naye. Alisema neno moja tu: "Geuza." Yule dada akaliacha akaondoka.

Alikuwa na visa vyake. Alichukia umbea, na habari zote za mtaa alikuwa nazo yeye kabla ya wenyewe. Alitukataza tusimpe mtoto chai ya rangi, na wajukuu wake wakija walikunywa chai ya rangi kutwa. Alisema mtu asibahatishe, aangalie kwanza ndipo aseme, na sijaona mtu aliyekuwa mwepesi wa kubahatisha kama yeye, tena kwa sauti ya juu. Tofauti yake na sie wengine ilikuwa moja. Akikosea alinuna, tena sana, siku mbili hakusalimii, halafu anarudi kuangalia upya. Sie tukikosea tunabaki hapohapo tulipokosea.

Hapo nifike kwenye kiwanja.

Mie ni mtu wa Sumbawanga. Mtanzania yeyote nikishasema hivyo ananitazama mara ya pili, kisha anacheka. Tunataniwa kwamba sisi ni wachawi, tunasafiri kwa ungo. Tangu nimefika Dar nimetaniwa hivyo sokoni, kanisani, hospitali hata nikiwa kwenye uchungu wa kuzaa, na nilikuwa nimeshazoea, nacheka nao. Mume wangu, Baba Neema, ni dereva wa malori, mara nyingi yuko njiani. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mtaa huohuo na tunajenga kidogokidogo. Msingi ulikuwa umekaa, kuta zimefika kwenye madirisha, tukaita fundi achimbe shimo la choo.

Fundi alifika kina cha kiuno, akasimama. Mchanga ulikuwa umebadilika, mweusi, una magamba ya chaza na vipande vya vyungu. Humo alikuwa anaokota vigae vidogo vya mviringo, vingine sawa na kifuniko cha soda, vingine vimezidi kidogo. Kila kimoja kina tundu katikati. Na kila kimoja, upande mmoja, kimekwaruzwa alama: mistari mitatu, msalaba, kitu kama mshale, kingine kama jua wanalochora watoto. Aliviosha kwa maji ya kuchanganyia saruji, akavipanga kwenye tofali, akatoka shimoni.

"Mama, mie hapa siendelei. Hivi vimezikwa na mtu, na mtu hazikagi kitu bure."

Alichukua sepetu lake akaenda. Nikavikusanya kwenye kikombe cha bati, vikakijaza. Sikujua nifanye nini navyo. Kuvitupa niliogopa, kukaa navyo niliogopa.

Wa kwanza kuja alikuwa Baba Rehema, jirani wa ukuta kwa ukuta na kiwanja chetu. Huyu nimtendee haki. Tulipohamia mtaa huu hatuna hata ndoo, ni yeye aliyetufungulia bomba lake. Lakini alikuwa na ugonjwa wa wanaume wengi wa rika lake, ugonjwa wa mali ya Mjerumani. Anaamini kwamba Mjerumani alipofukuzwa nchi hii alizika dhahabu na rupia kila mahali, akaacha alama ili siku moja wajukuu zake waje wachukue. Alipokiona kigae chenye mshale alikinyakua akakiinua juani.

"Mama Neema, unajua umekalia nini hapa? Huu mshale. Mjerumani huyu! Anakuonyesha!"

"Ananionyesha wapi, Baba Rehema? Nikikigeuza mshale unaangalia kwako."

"Basi na kwangu ipo!"

Walikuja wanaume watatu wakachimba pembeni ya msingi wangu mpaka kwenye ua wake. Walipata magamba ya chaza. Walichimba tena. Wakapata magamba mengine. Na hapo ndipo mambo yalipogeuka, maana mtu akishachimba kwa jasho hakubali kwamba hakukuwa na kitu. Ikasemwa mali ilikuwepo, imehamishwa. Nani ameihamisha? Kwa njia gani? Wiki hiyohiyo mjukuu wa Baba Rehema akashikwa na homa kali, akaweweseka. Mtoto alitibiwa akapona, tena haraka, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mtu wa Sumbawanga. Vigae vyenye alama. Mlitegemea nini?

Utani niliouzoea ukaacha kuwa utani. Wateja walianza kupita genge langu na vikapu vyao, macho mbele, wanakwenda kununua mchicha barabara ya lami. Neema alirudi kutoka shule akaniuliza kwa nini mwenzake amekatazwa kupokea andazi lake. Nilimwambia akavue sare. Kisha Mjumbe wa nyumba kumi akapita, mtu mpole, hakutaka hata kukaa. Alisema Jumamosi kutakuwa na kikao nyumbani kwake, wananchi wana wasiwasi, na wapo wanaotaka tuuze kiwanja twende tukajenge kwingine.

"Na wewe unataka nini, Mjumbe?" nilimuuliza.

"Mie nataka amani, mama yangu."

Nilijua maana yake. Amani ilikuwa mie niondoke.

Madam alikuja kesho yake asubuhi. Hakunipa pole. Alisimama mlangoni akasema, "Nasikia una vitu vya ajabu na hujaniletea. Nimekukosea nini?"

Nilimpa kikombe. Akavimwaga kwenye khanga juu ya mkeka, na kama mjuavyo, akaanza kugeuza. Dakika chache tu akatamka: vifungo. Vifungo vya makoti ya zamani, tundu ni la kupitishia uzi. Alitoka pale akautangazia mtaa kwamba ni vifungo. Mchana akarudi mwenyewe kakunja uso, kwa sababu kifungo chenye tundu moja katikati hakishiki, alikuwa amekijaribu kwenye gauni lake. Akasema basi ni chubwi, vizito vya kuzamishia mishipi. Akaenda navyo mpaka Ununio kwa wavuvi. Sikuwepo, ila alinisimulia mwenyewe, na hilo ni la kumsifu. Mvuvi mmoja alikipima mkononi akamwambia, "Bi mkubwa, hiki hakizamishi hata dagaa aliyekwisha kufa." Wote wakamcheka. Madam alirudi amenuna, akapita mbele ya genge bila salamu. Nami nikasema moyoni, basi, kumekwisha.

Siku moja kabla ya kikao akaja tena. Safari hii hakusema. Alikaa mkekani, akachukua kigae kimoja akakisogeza karibu na miwani, akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu.

"Kimelika humu ndani," alisema. "Pembeni hakijalika, juu hakijalika, humu tundu limelainika pande zote sawasawa. Kulikuwa na kitu kimebanwa humu, kikichomolewa na kurudishwa." Akaomba penseli ya Neema. Akaichomeka. Penseli ikabana. Akaishika kwa juu kwa vidole viwili, akaizungusha kwenye sakafu. Ikasimama wima, ikazunguka, ikazunguka mpaka tukaanza kuhesabu.

"Pia," akasema Madam.

Nilingoja aendelee. "Pia nini, Madam?"

"Pia!"

"Ndiyo, pia na nini?"

"Wewe mtoto! Pia! Pia ya kuchezea! Inazunguka!" Akanipiga na khanga. Tulicheka wote wawili, na nilikuwa sijacheka tangu fundi atoke shimoni. Halafu akasita. "Lakini pia ya mtoto haihitaji kuchongwa kwa uangalifu hivi. Mtu mzima anazungusha nini?"

Hapa sijui nieleze vipi, maana nilikuwa mtoto mdogo na kumbukumbu ilikuwa imefifia. Bibi yangu kule kwetu Ufipa alikuwa na kijiti chenye kibao cha mviringo kwa chini. Zamani zao walisokota pamba wenyewe, wakafuma mashuka mazito. Wakati wangu nguo zilikuwa za dukani, lakini bibi aliwahi kutuonyesha wajukuu, kama mchezo, jinsi kijiti kile kinavyoning'inia kinazunguka na uzi unatoka vidoleni. Alitufundisha wawili watatu, na sisi tukacheza nacho msimu mzima. Nilimwambia Madam kwa sauti ndogo, nikiwa na hofu nitaonekana naleta mambo ya Sumbawanga juu ya Sumbawanga.

Madam alivua miwani.

"Na umekaa na hilo kichwani wiki nzima, mie nakwenda kuchekwa na wavuvi?"

Alitaka ajaribu yeye kwanza. Alichana mto wangu akatoa sufi, nayo ikateleza, ikakatika, ikateleza, sakafu nzima ikawa nyeupe. Mume wangu alikuwa amerudi asubuhi ile na lori la marobota ya pamba kutoka Shinyanga, akiwa bado hajaenda bandarini. Akaenda akafagia pembeni mwa bodi, akaleta pamba yenyewe, chafuchafu, kiganja kizima. Madam akajaribu na hiyo. Uzi wake ulitoka kama mabuja ya ugali, hapa donge, hapa hewa. Akanisukumia.

Nilipoanza vidole vilikuwa vigeni kwangu. Ukakatika mara nyingi. Kisha sijui kilirudi kutoka wapi, kigae kikaning'inia kikazunguka, na uzi ukashuka. Mwembamba. Mrefu. Baba Neema alisimama mlangoni na ufagio mkononi.

"Kesho utasokota wewe," alisema Madam.

"Mbele za watu? Madam, ukikatika watasema nini? Na usipokatika ndiyo watasema zaidi!"

"Watasema. Ila na mie nitakuwa na langu la kusema." Akawa anavitazama vigae vile, upande wa alama sasa. Ghafla akaanza kucheka peke yake, anatikisika mabega, na kila nikimuuliza anasema, "Kesho, mwanangu. Kesho."

Kikao kilijaa. Uani kwa Mjumbe watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Baba Rehema alisimama akasema yake, na lazima nikiri hakutukana, alisema anawaogopea wajukuu zake. Wengine walisema kwa ukali zaidi. Mjumbe akaniuliza kama nina neno. Madam akasimama badala yangu.

"Shikamooni wakubwa. Mjumbe, kabla hatujamfukuza mtu, naomba sufuria."

"Sufuria la nini, Madam?"

"Nimesahau kwamba tuko kwenye kikao, nilidhani tuko msibani. Mama Rehema, lile kubwa lako la pilau liko wapi? Na mke wa Mjumbe, lako. Leteni. Na wengine wenye nyumba za karibu."

Watu walicheka, wakajua ni visa vyake, lakini wakaleta, maana hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyezoea kumkatalia Madam chombo. Yakapangwa masufuria pale chini. Madam akasema neno lake: "Geuzeni."

Yakageuzwa.

Akachukua kigae cha kwanza kutoka kwenye kikombe, akakiinua juu, akawapitishia walio mbele. Mistari mitatu na msalaba. Akakiweka kwenye kitako cha sufuria la Mama Rehema, pembeni ya mistari mitatu na msalaba.

Walio nyuma wakasimama ili waone.

"Mama Rehema," akasema Madam kwa upole sana, "hii alama chini ya sufuria lako umeandikiwa na mganga gani?"

"Mganga!" Mama Rehema aliruka. "Mganga wa nini? Nimekwaruza mwenyewe na msumari!"

"Ili umloge nani?"

"Simlogi mtu! Ili lisipotee! Masufuria si yanafanana!"

"Aaa." Madam akageukia watu. "Yanafanana." Akatoa kigae kingine, mkia wa samaki, ule ambao Baba Rehema aliuita mshale wa Mjerumani, akauweka kwenye sufuria la mke wa Mjumbe. Mjumbe akainama akaangalia, akajifuta jasho. Akatoa lile jua. "Wa jua yuko wapi?" Yule mama wa jua akainuka mwenyewe anacheka huku amejifunika mdomo. "Hawa," alisema Madam, akikitikisa kikombe, "ni wanawake waliokaa hapahapa kabla yetu. Walikutana, walipiga soga, kila mmoja na cha kwake, na vilifanana. Kikichanganyika unajuaje chako? Sasa niambieni. Mchawi ni nani? Maana kama ni alama, sote hapa tumekwisha."

Kicheko kiliondoka na uani wote. Ila Baba Rehema, na simlaumu, alikuwa bado na swali la haki. "Sawa Madam. Kila mmoja na cha kwake. Cha kwake nini?"

Madam akanitazama.

Nilisimama. Nilichomeka kijiti kwenye kigae cha mistari mitatu, nikafunga pamba, nikakizungusha na kukiachia. Pamba ilijivuta. Nilisikia mtu nyuma anasema "Mmh." Uzi ulishuka mpaka kigae kikagusa chini, nikauzungushia kijiti, nikaanza tena, ukashuka tena. Sikuinua macho. Ulipofika urefu wa mikono kadhaa Mjumbe aliusogelea, akaomba aushike. Akauvuta. Akauvuta kwa nguvu. Haukukatika.

"Huu uzi," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Huu ni uzi kabisa."

"Sasa na Mjerumani?" akauliza Baba Rehema, kwa sauti ya mtu anayeaga.

"Mjerumani alikuja na koti lake limeshonwa tayari," akamjibu Madam, na hapo hata Baba Rehema alicheka, akaketi. Mama Rehema alikuja akanishika mkono wenye uzi, akavikagua vidole, akasema, "Nami nifundishe." Bila pole, bila samahani. Ilinitosha.

Kikao hakikufungwa. Kilisambaa tu, kila mtu na sufuria lake kichwani.

Kwa haki niongeze yaliyofuata. Mwanafunzi wa zamani wa Madam alituunganisha na dada mmoja wa mambo ya kale. Alikuja, kijana, mpole, akakaa shimoni kwetu siku nzima na brashi ndogo. Alituambia vitu hivi ni vya kusokotea uzi, hupatikana sehemu nyingi za pwani yetu, na hivi vya kwetu ni vya karne nyingi nyuma. Kuhusu alama alisema wataalamu hawana jibu moja, na maelezo ya Madam ya masufuria yanawezekana. Madam alikasirishwa sana na lile neno yanawezekana. "Yanawezekana! Kama mtu hajui, ageuze sufuria la mama yake!" Lakini mie naona yule dada alisema kweli, alisema kadiri alivyojua na hakuongeza. Tulimkabidhi kikombe chote. Madam alimsindikiza mpaka barabarani akimweleza namna ya kuvihifadhi.

Alihama mtaani kwetu baadaye, magoti yalimzidi, bintiye akamchukua akae naye Segerea. Alipenda kuwapigia watu simu na kusema, "Nipo Segerea, msishtuke, niko nje ya ukuta wa gereza." Nilichelewa kwenda kumwona. Mambo ya ujenzi, mambo ya genge, visingizio vya kawaida. Nilipokwenda nilimkuta barazani amekaa kwenye kiti cha plastiki, amepungua, mikono inacheza kidogo kama inatafuta kitu cha kushika.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Nani?"

"Mama Neema, wa Boko."

"Wa Sumbawanga! Karibu. Umehamia au bado unapanga?"

"Nimehamia, Madam. Mwezi uliopita. Tulifanya shughuli ndogo, tukaita mtaa."

Alisogea mbele kwenye kiti. Sauti ilirudi kuwa ile ya uani kwa Mjumbe. "Walikuja?"

"Walikuja."

"Usinidanganye. Walikuja wakasimama, au walikaa?"

"Walikaa. Baba Rehema alifika asubuhi, akafunga turubai mwenyewe."

"Walikula?"

"Nilipika pilau, Madam. Mie mwenyewe, kwa mikono yangu. Niliogopa nikapika kidogo, nikasema lisije likabaki likanitia aibu. Likaisha watu bado wako foleni. Kina mama wakaingia jikoni wakagombea ukoko. Mama Rehema na mke wa Mjumbe waligawana wa mwisho kwa kisu."

Madam aliweka miwani sawa. Akanyoosha mkono akaushika wangu, akaugeuza, kiganja juu, akakitazama kwa muda.

"Na mie hukuniwekea hata kidogo?"

"Halikubaki, Madam."

"Hata punje?"

"Hata punje."

Akaegemea kiti chake, akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyeshiba.